SHX, Arial, ISOCPEUR au osifont: fonti ipi uiweke kwenye kiolezo chako cha michoro

Nondo ya milimita 212 haiuzwi duka lolote, lakini ndiyo fundi aliyoisoma kwenye mchoro wangu wa msingi wa nyumba. Alinipigia simu akiwa saiti: "Injinia, samahani, hii nondo ya mia mbili na kumi na mbili ndiyo ipi?" Nikamwomba anitumie picha. Kweli, palipotakiwa kusomeka Ø12, yaani kipenyo cha milimita 12, palikuwa na alama ya kuuliza ikifuatiwa na 12. Mchoro ulikuwa umepunguzwa kutoka A1 hadi A3, ukapigwa fotokopi mara mbili, na ile alama ya kuuliza ikawa imefanana kabisa na 2.

Fundi hakukosea, wala kijana wa steshenari aliyeuchapa. Kosa lilikuwa kwenye kiolezo changu, faili ninaloanzia kila mchoro mpya. Kilikuwa na fonti ya SHX niliyorithi kutoka ofisi ya zamani, faili ambalo kwenye kompyuta ya steshenari halikuwepo. AutoCAD, programu ninayochorea, ilipolikosa ikaweka fonti nyingine kimyakimya, na hiyo nyingine haikuwa na herufi Ø niliyokuwa nimeibandika kutoka Word.

Kabla ya hapo nilikuwa nachagua fonti kwa kuangalia inavyopendeza kwenye skrini yangu. Siku hizi naangalia safari ya mchoro. Ramani ya nyumba ya kawaida tu, kabla haijafika kwa mtu anayeishika mkononi huku zege linasubiri, inakuwa imepita kwenye kompyuta yangu, ya mhandisi wa miundo na ya mkadiriaji majenzi, imegeuzwa PDF na kutumwa WhatsApp, imechapwa, imegongwa muhuri halmashauri, imefotokopiwa. Katika kila kituo kuna herufi inayoweza kupotea. Nazilinganisha hapa fonti ambazo nimezitumia mwenyewe kwenye violezo, zaidi zile za AutoCAD maana ndiyo iliyoenea kwenye ofisi ninazofanya nazo kazi, kisha na za programu nyingine kwa ufupi.

Herufi ya mstari na herufi ya umbo

Fonti za AutoCAD ni za koo mbili. Ukoo wa kwanza ni SHX. Herufi ya SHX ni mwendo wa kalamu: inashuka, inakwenda, inapinda, inanyanyuliwa. Ndivyo plota za zamani zilivyoandika, kalamu halisi ya wino ikitembea juu ya karatasi, na AutoCAD ilipotoka Desemba 1982 ilikuja na herufi za namna hiyo. Majina yake yana historia ya nyuma zaidi. Romans, romand na romant yanafuata mpango wa Allen Hershey, Mmarekani aliyechora herufi za mistari kwa ajili ya kompyuta akiwa kwenye maabara ya silaha ya jeshi la majini, akazichapisha mwaka 1967. Ile s ya mwisho ni simplex, yaani mstari mmoja. D ni duplex, mistari miwili. T ni triplex.

Ukoo wa pili ni TrueType, uliobuniwa na Apple na kuingia Windows 3.1 mwaka 1992. Humo ndimo zilimo Arial, Tahoma na fonti zote unazoziona kwenye Word. Herufi ya TrueType ni umbo: mpaka wake wa nje umechorwa na ndani kumejazwa wino.

Tofauti hiyo moja ndiyo inayozaa nyingine zote. Kwenye SHX unene wa herufi unaupanga wewe kupitia leya (tabaka la mchoro) au rangi ya kuchapia. Ukiipa leya ya maandishi milimita 0.25, herufi itatoka na 0.25, ukiisahau kwenye 0.09, itatoka nyembamba kama uzi wa buibui na fotokopi ya kwanza tu itaimeza. Kwenye TrueType unene umo ndani ya herufi yenyewe. Huwezi kuuharibu kwa kusahau, ila pia huwezi kuurekebisha.

Na kama mchoro wako unakwenda kwenye mashine ya CNC, ya kuchonga mbao au vibao vya mawe, hapo ubishi umekwisha: tumia SHX. Mashine ikipewa Arial inachonga mpaka wa nje wa herufi, mistari miwili sambamba badala ya mmoja.

SHX: txt, simplex, romans

Txt.shx iache. Ilitengenezwa kwa vipande vichache mno vya mistari ili kompyuta dhaifu za wakati huo zisichelewe, na duara la O linaonekana kama nati. Bado naikuta kwenye staili ya Standard (mpangilio wa maandishi unaokuja na programu) ya violezo vilivyonakiliwa kizazi kwa kizazi, na kila nikiiona najua mwenye kiolezo hajawahi kukifungua tangu akipokee.

Simplex na romans ni karibu pacha. Ukiziweka pamoja utasumbuka kuzitofautisha, na mimi sijawahi kuona sababu ya kuzitumia zote mbili kwenye mchoro mmoja. Romans yenye upana wa 0.8, yaani herufi zilizobanwa kidogo, ndiyo iliyozoeleka kwa wahandisi wa miundo, na wana haki: inaingia kwenye jedwali la nondo bila kusukumana na mistari, tarakimu zake ziko wazi, na 6 na 8 haziji zikajaa wino katikati.

Nguvu kubwa ya hizi mbili ni kwamba zinakuja na AutoCAD yenyewe. Anayefungua DWG yako, yaani faili la mchoro lenyewe, kwenye AutoCAD anazo. Hatari inaanza unapotoka kwenye zile zinazokuja na programu ukaingia kwenye SHX za kurithi, zile zenye majina ya ofisi au ya mtu. Hizo haziko popote isipokuwa kwako. AutoCAD ikiikosa SHX inatazama kigezo kinachoitwa FONTALT, ambacho kwa kawaida kina simplex.shx, na kuweka hiyo badala yake. Watu wengi wanadhani wakipanga FONTALT kwenye kompyuta yao wamemaliza. Hapana. FONTALT inakaa kwenye mashine, haisafiri na mchoro. Ya kwako inakusaidia wewe kusoma michoro ya wenzako. Ya kwake ndiyo itakayoamua maandishi yako yatokeje.

Kama ni lazima utumie SHX ya kipekee, tuma mchoro kwa amri ya ETRANSMIT ukiwa umeweka alama kwenye chaguo la kujumuisha fonti, au weka lile faili la SHX folda moja na DWG. AutoCAD huitafuta hapo pia.

Kuna jambo la Kiswahili ambalo miongozo ya kigeni haitakuambia. Lugha yetu haina herufi zenye nukta na vikofia, kwa hiyo fonti karibu yoyote inaiweza, isipokuwa sehemu moja: ng'. Ukiandika maelezo kwenye Word kisha ukayabandika kwenye mchoro, Word inakuwa imeshageuza ile alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, na kwenye fonti ya SHX isiyo na umbo hilo inatoka alama ya kuuliza. Nimewahi kupokea ramani ya shamba yenye "Banda la ng?ombe" kwa herufi za milimita 5. Yule mwenzangu alikuwa ameiangalia mara kumi bila kuiona, kwa sababu jicho lilikuwa linasoma neno alilolijua tayari. Kwa SHX, andika ng' moja kwa moja ndani ya AutoCAD. Na alama za kazi ziandike kwa njia yake: %%c kwa Ø, %%d kwa digrii, %%p kwa ±. Kama ningalifanya hivyo kwenye mchoro ule wa msingi, fundi asingalinipigia.

Arial, na Arial Narrow isiyo ndugu yake kwenye safari

Violezo vya AutoCAD vya miaka ya karibuni, acad.dwt na acadiso.dwt, vinakuja na staili ya Standard ikiwa tayari na Arial. Wapo wachoraji wazee wanaoidharau, wanasema ni ya barua za ofisi. Mimi sikubaliani nao. Arial iko kwenye kila Windows na kila Mac. Hata kwenye Linux, ambako mara nyingi haipo, inawekwa Liberation Sans, ambayo herufi zake zina upana uleule, kwa hiyo maandishi hayatoki nje ya jedwali. Hakuna SHX ya kurithi inayoweza kusema hivyo.

Udhaifu wake ni mitatu. Kwanza, mstari wake ni mnene kuliko ule wa herufi za kiufundi, hivyo ukiipunguza sana tumbo la 6, 8 na 9 linaanza kujaa. Pili, I kubwa na l ndogo hazitofautiki kabisa. Kwenye ramani ya kiwanja chenye Kitalu "I" hilo si jambo dogo. Suluhisho ni kuandika vitambulisho vyote kwa herufi kubwa, na kiolezo kikieleza hivyo tangu mwanzo. Tatu, inakula nafasi. Neno "CHUMBA CHA KULALA" kwa Arial ya kawaida halitoshi kwenye chumba cha mita tatu kwa skeli ya 1:100 bila kugusa vipimo, labda ulikate mistari miwili.

Hapo ndipo mtu anapokimbilia Arial Narrow. Usifanye hivyo kabla hujajua hili: Arial Narrow haiji na Windows, inakuja na Microsoft Office. Kompyuta ya steshenari isiyo na Office haina Arial Narrow. Mchoro utafunguka pale na fonti nyingine pana zaidi, na kila ulichokibana kwa uangalifu kitamwagika nje ya kisanduku chake. Ukitaka herufi nyembamba, tumia Arial ya kawaida na kipimo cha upana cha 0.85 ndani ya staili. Inapendeza kidogo chini ya Narrow, lakini inafika.

ISOCPEUR na kiwango cha ISO 3098

Waliosoma kuchora kwa mkono wanaikumbuka stensili ya plastiki yenye matundu ya herufi, na kalamu za Rotring zenye pete za rangi: nyeupe kwa 0.25, ya njano kwa 0.35, ya kahawia kwa 0.5. Herufi ya milimita 2.5 iliandikwa kwa kalamu ya 0.25, ya 3.5 kwa ya 0.35, ya 5 kwa ya 0.5. Haikuwa bahati. ISO 3098, kiwango cha maandishi ya michoro ya kiufundi, kina aina B ya herufi ambayo unene wake ni moja ya kumi ya urefu, na aina A ambayo ni moja ya kumi na nne. Urefu wenyewe unakwenda 1.8, 2.5, 3.5, 5, 7, 10, 14, 20, kila mmoja ukiwa ni uliotangulia mara kipeuo cha pili cha 2, yaani kama 1.4, kama karatasi za A zinavyozidiana.

AutoCAD inakuja na fonti zilizochorwa kwa roho hiyo: isocp.shx kwa upande wa mistari, na ISOCPEUR kwa upande wa TrueType. Nikisema ukweli wangu wote, ISOCPEUR ndiyo ninayoipenda kuitazama. Ni nyembamba, imekaa wima, na mchoro wa mashine ulioandikwa kwa hiyo una utulivu ambao Arial haiwezi kuutoa. Kwa karakana, kwa michoro ya vyuma na mabomba, kwa kazi inayotakiwa kufuata ISO, sioni ya kuishinda.

Lakini ISOCPEUR inaingia kwenye kompyuta pamoja na programu za Autodesk. Ukituma PDF hakuna shida, maana PDF inaibeba ndani. Ukituma DWG kwa mtu anayetumia programu nyingine, huenda hana. Na wembamba wake unaotupendeza kwenye karatasi safi ndio unaoidhoofisha kwenye fotokopi ya tatu.

PDF ni mchezo mwingine

Hili watu wengi hawalijui hadi mteja awalalamikie. Maandishi ya TrueType yakiingia PDF yanabaki maandishi. Mtu anaweza kutafuta neno "TANKI" na kompyuta ikampeleka, anaweza kunakili kipimo. Maandishi ya SHX yakiingia PDF yanakuwa mistari tu, kama kuta na madirisha. Tangu AutoCAD 2017 kuna kigezo cha PDFSHX: kikiwa 1, maneno ya SHX yanaambatishwa kwenye PDF kama maoni ili yaweze kutafutwa. Matokeo yake, mteja akifungua kwa Acrobat anaona orodha ya maoni mamia, na akipitisha kipanya vinaibuka visanduku juu ya kila neno. Anadhani kuna mtu amekosoa mchoro mzima. Kikiwekwa 0, visanduku vinaondoka, na uwezo wa kutafuta unaondoka navyo. Kwa seti ya michoro arobaini ambayo mkadiriaji anataka kuhesabu milango kwa kutafuta "D1", hapo TrueType inashinda bila mashindano.

Kwa anayetaka kuziona bega kwa bega:

| | romans / simplex | Arial | ISOCPEUR |
|---|---|---|---|
| Kwenye kompyuta ya mwenzako | ipo akiwa na AutoCAD | ipo karibu kila mahali | ipo akiwa na programu ya Autodesk |
| Unene wa herufi | unaupanga mwenyewe | umo ndani, mnene | umo ndani, mwembamba |
| Kutafuta neno kwenye PDF | hapana, au kwa maoni | ndiyo | ndiyo |
| Fotokopi ya tatu | hutegemea leya yako | husomeka, tumbo la 8 hujaa | hufifia |
| CNC | ndiyo | hapana | hapana |

Wasiotumia AutoCAD

FreeCAD, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024, imeshakuchagulia: sehemu yake ya michoro, TechDraw, inatumia osifont, fonti huru iliyochorwa kwa kufuata ISO 3098 na inayokuja pamoja na programu. Ni chaguo zuri na sioni haja ya kulibadilisha. Ukitaka kulibadilisha, jua kwamba kuna sehemu mbili. Fonti ya vipimo na vielelezo iko kwenye mapendeleo ya TechDraw. Maandishi ya kisanduku cha jina yamo ndani ya kiolezo chenyewe, ambacho ni faili la SVG. Hayo unayabadilisha kwa Inkscape au hata kwa kihariri cha kawaida cha maandishi. Mtu akibadilisha sehemu moja tu anapata mchoro wenye sura mbili. LibreCAD nayo ina fonti zake za LFF, ambazo pia ni za mistari.

Kwenye SolidWorks fonti inayokuja yenyewe ni Century Gothic. Herufi zake ni za duara na pana, nzuri kwa kipeperushi, na kwa jedwali la vipuri zinakula nafasi bila faida. Ukiibadilisha kwenye kiolezo cha .drwdot, kumbuka kwamba kisanduku cha jina kinaishi kwenye faili jingine, .slddrt, na maandishi yake hayatafuata mabadiliko yako. Inventor inatumia Tahoma, na hiyo naitetea: I yake kubwa ina vikato juu na chini, haichanganyiki na l. Revit inakuja na Arial, ila humo hakuna mahali pamoja pa kubadilisha. Kila aina ya maandishi, kila aina ya kipimo na kila familia ya lebo ina fonti yake, na itabidi uzipitie moja moja ndani ya kiolezo chake, .rte. Tenga siku nzima kwa kazi hiyo, ifanye mara moja, ifanye vizuri.

Urefu una uzito kuliko jina la fonti

Mtu anaweza kuchagua fonti bora kuliko zote akaiweka kwa milimita 1.8 kwenye A1, na saiti wasisome kitu. A1 ikipunguzwa hadi A3, kila urefu unagawanyika kwa mbili. Maandishi ya 2.5 yanakuwa 1.25, na hapo mzee wa miaka hamsini asiye na miwani ameshaweka karatasi chini. Ya 3.5 yanakuwa 1.75, yanasomeka kwenye mwanga mzuri. Ya 5 yanakuwa 2.5, yanasomeka kokote.

Kama unajua kwamba michoro yako itachapwa A3 saiti, na kwa nyumba za watu binafsi karibu kila mara ndivyo ilivyo, weka maelezo ya kawaida kwa 3.5 na majina ya vyumba kwa 5. Mchoro utaonekana umejaa kidogo kwenye A1. Ukubali ujae. Au chora A3 tangu mwanzo kwa 2.5, na hilo ndilo ninalolifanya siku hizi kwa nyumba ndogo.

Usiamini namba ya kwenye skrini kwa upofu. Kwenye TrueType, urefu unaouandika unaweza kuwa umejumuisha nafasi ya juu ya herufi kubwa, kwa hiyo 2.5 yako huenda isitoke 2.5. Chapa, chukua rula, pima herufi H.

Mitego minne ndani ya kiolezo

Umeshachagua. Unafungua acadiso.dwt, unaandika amri ya ST, unabadilisha fonti, unahifadhi kama .dwt yako. Inaonekana ni kazi ya dakika tano, na ndani yake kuna sehemu nne nilizoumia.

Mtego mkubwa ni jina Standard. Ukileta bloku (mchoro mdogo uliohifadhiwa kama kitu kimoja) au kubandika kitu kutoka mchoro mwingine, na michoro yote miwili ina staili inayoitwa Standard, ile ya mchoro unaopokea ndiyo inayotawala. Choo ulichokipanga kwa Arial kinaingia kwenye mchoro ambao Standard yake ni romans, na maandishi yake yanageuka papo hapo bila onyo. Ndiyo maana michoro inayopita mikononi mwa ofisi tatu hugeuka maandishi bila mtu kujua nani ameigusa. Ipe staili yako jina lako mwenyewe, mathalani jina la ofisi na fonti, na usiandike kitu chochote kwa Standard.

Mtego wa pili ni urefu ndani ya staili. Uuache 0 kwa staili inayotumiwa na vipimo. Ukiweka namba pale, inaushinda urefu ulioupanga kwenye staili ya vipimo, na utahangaika kubadilisha vipimo vyako bila kuona mabadiliko yoyote. Nimemkuta kijana mmoja wa mafunzo amekaa asubuhi nzima na tatizo hili, akidhani programu imeharibika. Namba moja ilirudishwa kuwa 0, vipimo vyote vikatulia.

Kisha kuna QNEW, amri ya mchoro mpya. Kuwa na kiolezo hakutoshi. Ukibonyeza kitufe cha mchoro mpya, AutoCAD inachukua kile ilichoambiwa kwenye Options, kichupo cha Files, chini ya mipangilio ya violezo. Usipoweka faili lako pale, mwezi mmoja baadaye nusu ya michoro ya ofisi itakuwa imeanzia kwenye kiolezo cha kiwandani.

La nne ni la kujua tu: kiolezo hakirudi nyuma. Michoro iliyopo haibadiliki ukibadilisha .dwt. Kuileta staili mpya kwenye mchoro wa zamani unatumia amri ya ADCENTER, unaiburuta kutoka mchoro mmoja hadi mwingine, kisha unahamisha maandishi. Kwa mradi unaoendelea, mimi siuhamishi katikati. Naumaliza kwa fonti uliyoanza nayo.

Mimi nimeweka nini

Kiolezo changu cha nyumba kina Arial, upana 0.85, herufi kubwa kwa vitambulisho vyote. Sababu ni kwamba michoro hiyo inaishia kwenye PDF, kwenye simu ya mteja na kwenye plota ya mtu nisiyemjua. Kwa kazi za miundo, ambako DWG inazunguka kati ya wahandisi wenye AutoCAD na kila mmoja anachapa kwake, nina kiolezo cha pili chenye romans 0.8, na leya ya maandishi imefungwa kwenye 0.25. Ningekuwa na karakana ya vyuma ningeweka ISOCPEUR bila kusita. Na mwanafunzi wa VETA anayeanza, asiye na fedha ya leseni, achukue FreeCAD na osifont yake. Atakuwa anaandika kwa kiwango cha ISO tangu siku ya kwanza.

Kabla hujaamua, fanya jaribio hili, linachukua nusu saa. Kwenye mchoro mpya andika mstari mmoja kwa kila fonti unayoifikiria:

Ø12 @ 200, ±0.000, 45°, I l 1, O 0, 6 8 9, BANDA LA NG'OMBE, ng'ombe

Uandike kwa 2.5 na kwa 3.5. Peleka ile DWG yenyewe, si PDF, kwenye steshenari unayoitumia, waifungue kwao na waichape A3 kutoka A1. Omba wapige fotokopi, kisha fotokopi ya hiyo fotokopi. Mpe fundi akusomee mstari mmoja mmoja kwa sauti, wewe ukiwa umekaa kimya na kalamu mkononi, ukiweka alama pale anaposita.